Sumu kwa Ratiba: Dawa za Saratani Magharibi mwa Ziwa Victoria

Mgonjwa wa kata ya Kanoni, katika nyanda za juu za Karagwe, akithibitishwa kuwa na saratani inayohitaji tibakemia, hutoka kwa daktari na vitu viwili: majina ya dawa na orodha ya tarehe. Majina ndiyo yanayotisha. Saiklofosfamidi, vinkristini, doksorubisini, sisiplatini: haya ndiyo yanayoulizwa nyumbani, ndiyo yanayotafutiwa bei, ndiyo ukoo unayoyachangia fedha. Tarehe huchukuliwa kuwa utaratibu wa hospitali tu, sawa na siku ya kurudi kliniki ya presha. Nauli ikikosekana, mvua ikikata barabara au mavuno ya kahawa yakipamba moto, dozi itangoja wiki mbili, nani atakufa kwa wiki mbili? Ninachokitetea hapa ni kwamba uzito umewekwa upande usio wake. Nyingi kati ya dawa hizi ni sumu ambazo zenyewe hazijui sana kupambanua seli ya saratani na seli nyingine ya mwili. Kinachozifanya ziponye ni wakati zinapotolewa, na kurudiwa kwake. Ushahidi wa dai hili hauko mbali. Sehemu yake kubwa ilipatikana kwenye kingo za ziwa hili hili, kati ya Bukoba na Kampala.

Mwanzo wenyewe ulikuwa malale, kabla ya saratani kuingia katika habari hii. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa amepewa tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, aliweka kambi katika visiwa vya Ssese upande wa Uganda. Mwaka uliofuata Wajerumani wakafungua kambi ya wagonjwa Kigarama, katika ufalme wa Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, kwa kuwa watu waliokwenda Buganda kwa kazi na biashara walikuwa wakirudi na ugonjwa. Dawa ilikuwa atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki. Koch alianza na nusu gramu, akairudia kwa vipindi. Vimelea vilipotea katika damu, watu waliolala wakaanza kutembea, na habari zikaenea haraka. Lakini sindano zikikoma, vimelea vinarudi. Koch akaamua kuongeza nguvu: badala ya nusu gramu, gramu nzima. Wagonjwa 22 wakapofuka, na macho yao hayakurudi tena. Sumu iliyokuwa ikiua kimelea ilikuwa pia ikiua mshipa wa fahamu wa jicho, na tofauti kati ya dozi ya kutibu na dozi ya kupofusha ilikuwa nyembamba mno.

Kule Ujerumani, Paul Ehrlich aliifuatilia atoksili kwa makini, na katika maabara yake ndiko kulikoonekana jambo la pili la kusumbua: vimelea vilivyozoea dozi pungufu hujifunza kuishi nayo, na baadaye hata dozi kubwa haviitikii. Kutokana na kazi hiyo alipata Salvarsani, dawa ya kaswende, iliyoingia sokoni mwaka 1910. Kwa hiyo, kabla ya Vita vya Kwanza, pande hizi na maabara ya Ehrlich zilikwisha kuonyesha mambo matatu ambayo madaktari wa saratani wangeyagundua upya nusu karne baadaye. La kwanza, dawa inayoua hutibu tu pale ambapo adui anaumia kabla ya mwenyeji. La pili, adui asipomalizika atarudi. La tatu, akirudi huenda akawa sugu. Ni ajabu kidogo kwamba vitabu vingi vya historia ya saratani huanza na gesi ya vita huko Ulaya na kuiruka Kigarama, ingawa mantiki ni ile ile.

Gesi hiyo nayo haina budi kutajwa, kwani ndiyo iliyozaa kundi la kwanza la dawa. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman walimpa mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa wa tezi dawa iliyotokana na gesi ya haradali. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, ukarudi, na mgonjwa akafa kabla ya mwaka kwisha. Mwezi Desemba 1943 mabomu ya Kijerumani yalilipua meli katika bandari ya Bari, Italia, ikiwamo John Harvey iliyobeba gesi hiyo kwa siri, na miili ya waathirika ikathibitisha kwamba chembe nyeupe za damu zilikuwa zimetoweka. Kemikali za kundi hili hushika nyuzi mbili za vinasaba ndani ya seli na kuzifunga pamoja. Seli isiyogawanyika inaweza kuishi na fundo hilo muda mrefu, hata kulifungua na kulitengeneza. Seli inayotaka kugawanyika lazima itenganishe nyuzi zake, na hapo ndipo inapokwama na kufa. Saiklofosfamidi, iliyotoka Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1950, ni mtoto mpole zaidi wa ukoo huu: huingia mwilini ikiwa haijaamka, na ini ndilo huiamsha. Hata hivyo kanuni haikubadilika. Dawa imefika kila mahali. Anayeumia zaidi ni yule aliyekuwa mbioni kugawanyika.

Kundi la pili lina asili ya chakula. Mapema katika miaka ya 1930, Lucy Wills, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Bombay, aliona kwamba wajawazito maskini wenye upungufu wa damu walipona kwa dondoo la hamira. Kilichokuwa ndani yake ni folati, ambayo imo pia katika mboga za majani na katika maharage yanayolimwa Karagwe nzima. Seli haiwezi kutengeneza nakala mpya ya vinasaba bila folati. Sidney Farber wa Boston aliona kwamba watoto wenye saratani ya damu walizidi kuumwa wakipewa folati, akageuza hoja: je, wakinyimwa? Kwa msaada wa mkemia Mhindi Yellapragada Subbarow alipata kemikali zinazofanana na folati kwa sura lakini hazifanyi kazi yake, na mwaka 1948 akatangaza kwamba watoto kadhaa walikuwa wamepata nafuu, ya muda tu. Methotreksati ni ya ukoo huo. Huziba kimeng'enya kinachoiandaa folati kwa matumizi, na seli iliyo katikati ya kunakili vinasaba hukosa malighafi. Seli iliyopumzika haikosi kitu, kwa sababu hainakili chochote wakati huo. Hapa suala la wakati liko wazi kuliko kwenye gesi: dawa hii ina dirisha, na nje ya dirisha hilo seli ya saratani hupita salama.

Ndipo anapoingia Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye akamkuta mwingine Jinja. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe huo, na mwaka 1961, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari wiki 10, takriban kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali kuelekea kusini mwa Afrika, akiuliza nani amewaona watoto wa namna hiyo. Ramani yake ilionyesha kwamba ugonjwa hupungua kadiri nchi inavyoinuka na kupoa, na kwamba nyanda za juu za Kigezi, Rwanda na Burundi zina wagonjwa wachache mno. Karagwe, ambayo ardhi yake hupanda kutoka bonde la mto Kagera hadi vilima vya zaidi ya mita 1,500, iko kwenye ukingo wa ramani hiyo. Baadaye ilieleweka kwamba malaria ya kudumu, pamoja na virusi ambavyo Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walivigundua London mwaka 1964 katika uvimbe uliotumwa kutoka Kampala, ndivyo vinavyochangia kuuanzisha. Lakini kwa habari yetu, jambo kubwa kuhusu Burkitt ni umaskini wa vifaa vyake. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikuweza kuondoa taya zima la mtoto wa miaka sita. Alibaki na dawa. Joseph Burchenal na Herbert Oettgen wa New York walimletea methotreksati, kisha ikaja saiklofosfamidi, na vinkristini. Kule Nairobi, Peter Clifford alikuwa akifanya majaribio ya aina hiyo hiyo kwa dawa za ukoo wa haradali.

Matokeo yake ndiyo pingamizi kubwa dhidi ya dai langu, na sipendi kulificha. Mwaka 1967 Burkitt alichapisha habari za watoto waliopewa dozi moja au mbili tu, wakarudi kwao vijijini, na miaka kadhaa baadaye wakakutwa hai bila uvimbe. Kama dozi moja inaponya, ratiba ya nini? Msomaji wa Kanoni ana haki ya kuuliza hivyo. Jibu limo ndani ya uvimbe wenyewe. Wataalamu waliopima kasi ya seli zake, Kampala na Nairobi, walikuta kwamba karibu seli zote zinagawanyika kwa wakati mmoja, na kwamba uvimbe unaweza kujizidisha mara mbili kwa muda wa kama siku moja hivi. Hakuna saratani ya binadamu inayokua upesi zaidi. Kwa hiyo siku yoyote sumu ikiingia, karibu kila seli ilikuwa mlangoni. Matiti, utumbo mpana na shingo ya kizazi si hivyo: humo seli nyingi zimelala kwa siku au wiki, na dozi ya leo haizigusi. Watoto wa Burkitt walipona kwa dozi chache kwa sababu ratiba ya uvimbe wao ilikuwa fupi kuliko zote. Jambo hilo linaipa nguvu hoja ya wakati. Tena waliopona hivyo walikuwa wachache, hasa wale ambao uvimbe ulikuwa bado mdogo na haujatoka tayani.

Hesabu ya jambo hili ilifanywa Alabama na Howard Skipper, aliyetumia panya wenye saratani ya damu. Alionyesha mwaka 1964 kwamba dozi fulani haiui idadi fulani ya seli, inaua sehemu fulani ya zilizopo, ziwe nyingi au chache. Uvimbe wa gramu moja una takriban seli bilioni moja. Tuseme dozi inaua 99 katika kila 100. Baada ya dozi ya kwanza zimebaki milioni 10, na mgonjwa anajiona amepona, uvimbe haushikiki. Baada ya pili zimebaki laki moja, baada ya tatu elfu moja, baada ya nne kumi. Mwenye kuacha baada ya dozi ya pili kwa sababu uvimbe umetoweka ameacha seli laki moja zinazojizidisha kila siku anayokaa nyumbani. Hesabu halisi ni mbaya kuliko hii, kwa sababu katikati ya dozi seli huota upya kama magugu kwenye shamba la migomba lililopaliliwa mara moja, na baadhi ya zilizobaki ndizo sugu. Lakini basi kwa nini dozi zisitolewe kila siku? Kwa sababu mizizi ya nywele, utando wa tumbo na uboho wa mifupa navyo hugawanyika kwa kasi. Nywele zikinyonyoka na mdomo ukichubuka, sumu inafanya kazi ile ile kwa seli zisizo na hatia. Chembe nyeupe za damu huanguka hadi chini kabisa karibu na wiki ya pili, na kwa dawa nyingi hupanda tena ifikapo wiki ya tatu. Zile siku 21 zilizoandikwa kwenye kadi zimetoka hapo: ni muda ambao uboho umekwisha kuinuka na saratani, kwa kawaida, haijamaliza kuinuka. Ukichelewa, unaipa saratani nafasi ambayo uboho hauihitaji.

Kampala ilijifunza hili kwa uchungu baada ya Agosti 1967, Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani zilipofungua kituo cha uvimbe wa Burkitt hapo Mulago chini ya John Ziegler. Watoto waliitikia dawa haraka kiasi cha kuhatarisha maisha: seli nyingi zikifa kwa mkupuo, takataka zake huziba figo, na mtoto anaweza kufa kwa sababu ya kupona upesi mno. Wauguzi wakajifunza kutanguliza maji mengi ya dripu na kupima mkojo. Kisha ikaonekana kwamba wengi waliopata nafuu walirudiwa na ugonjwa kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa za mshipani hazifiki vizuri. Methotreksati ikaanza kuchomwa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Vinkristini haiwezi kufanyiwa hivyo kamwe. Ikiingia uti wa mgongo kwa makosa huua, hata leo, na ndiyo maana chumba cha dawa cha hospitali yoyote makini hakiruhusu sindano hizo mbili kukaa kwenye sinia moja. Kituo hicho pia kilipeleka watu kwa gari vijijini kuwatafuta watoto ambao hawakurudi. Kazi hiyo ilikuwa utafiti na tiba kwa pamoja, maana mtoto aliyekutwa na uvimbe mdogo uliorudi bado angeweza kutibika. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi ya tibakemia.

Somo la usugu, lile la Ehrlich, ndilo lililoleta mchanganyiko wa dawa. Madaktari wa kifua kikuu walikuwa tayari wakitumia dawa mbili tatu pamoja ili kimelea kinachoikwepa moja kinaswe na nyingine, na wa saratani ya damu huko Marekani wakafuata. Kampala walijaribu jambo hilo kwa saratani ya Kaposi, iliyokuwa ya kawaida kandokando ya maziwa haya hata kabla ya Ukimwi, ikiwashika zaidi wanaume watu wazima, miguuni. Walitumia aktinomisini na vinkristini. Aktinomisini ilitoka kwenye bakteria wa udongo katika maabara ya Selman Waksman mwaka 1940. Hujipenyeza kati ya ngazi za uzi wa vinasaba na kuzuia usisomwe. Doksorubisini, inayotokana na bakteria wa udongo wa Italia, hufanya zaidi: inakizuia kimeng'enya kinachokata na kuunga uzi huo, ili mkato ubaki wazi. Charles Olweny, Mganda aliyeshika uongozi wa kituo cha Mulago, aliijaribu kwa saratani ya ini, na matokeo ya mwanzo yaliyochapishwa mwaka 1975 yalitia moyo sana. Majaribio makubwa ya baadaye kwingineko hayakuyafikia. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa kuna saratani ambazo ratiba nzuri haiziokoi. Seli za ini zina desturi ya kusukuma sumu nje, ndiyo kazi yao. Na doksorubisini ina kikomo cha maisha: jumla yake ikizidi kiwango fulani, moyo huharibika. Ratiba nayo ina mwisho.

Wapo watakaosema kwamba habari hii yote ni ya Wazungu kujaribia sumu miili ya Waafrika, na kwamba kuisimulia kwa sifa ni aibu. Kuhusu Koch, sina la kumtetea. Aliongeza dozi juu ya watu ambao hawakuwa na njia ya kukataa wakijua wanachokataa, na waliopofuka hawakulipwa chochote na sayansi waliyoisaidia. Kuhusu Mulago, hukumu yangu ni tofauti. Watoto walioletwa huko wangekufa karibu wote kwa miezi michache. Dawa walizopewa zilikuwa zikitolewa kwa watoto wa Marekani miaka ile ile, na kituo kikabaki mikononi mwa wataalamu wake wa Kiganda. Idi Amin alipoharibu uhusiano na nchi za Magharibi, Wamarekani wakaondoka, na Olweny na wauguzi wa Mulago ndio waliobaki na wodi. Jambo la kulaumu ni lingine: kwamba matunda ya elimu hiyo yalitumika kwa wingi mbali na hapa, huku nchi zilizoizaa zikikosa dawa ambazo hati zake za umiliki zilikwisha muda zamani.

Pingamizi jingine husikika sana vijijini, nalo lina ukweli ndani yake: dawa hizi zimetoka kwenye mimea, basi kwa nini tusitumie mimea yetu? Vinkristini inatokana na vinka, ule mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi unaopandwa mbele ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Paklitakseli ilitoka kwenye gamba la mti wa Marekani. Katika miaka ya 1970 matawi ya mti wa jamii ya Maytenus yalikatwa kwa matani katika milima ya Shimba, Kwale, ili kukamua maitansini kidogo mno. Zote tatu hushambulia mirija midogo ambayo seli huijenga ili kuvuta vinasaba pande mbili inapogawanyika: vinkristini na maitansini huzuia mirija isijengwe, paklitakseli huifanya isibomoke. Lakini ona kilichotokea. Majani ya vinka yana kemikali nyingi sana, na vinkristini ni kiasi kidogo kiasi kwamba tani za majani hutoa gramu chache. Anayechemsha majani hajui kama kikombe cha leo kina sumu pungufu ya kumfundisha adui usugu au ya kutosha kupooza mishipa ya miguu. Hana namna ya kuirudia dozi ile ile baada ya siku 21, na bila kuirudia tumekwisha kuona hesabu inavyokwenda. Maitansini yenyewe ilishindikana kama dawa kwa sababu ya ukali wake, hadi ilipofungwa kwenye kingamwili inayotafuta seli za saratani ya matiti zenye alama maalumu, na kuruhusiwa mwaka 2013. Wale wanaosema dawa mpya za kulenga zimezika sumu za zamani wautazame mfano huu: ndani ya dawa ya kulenga imo sumu ile ile ya kundi la mti wa Kwale, na mgonjwa hupewa kila wiki ya tatu.

Upande wa Kagera, historia iliingiliwa na mambo mengine. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu, na Kaposi ikabadilika ikawa ya vijana, ya uso, mdomo na mapafu, yenye kuua haraka. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa vinkristini, mara nyingi pamoja na bleomisini, ambayo hukata uzi wa vinasaba. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya na Uganda, lililolinganisha tiba hiyo na paklitakseli, zote zikitolewa pamoja na dawa za kufubaza virusi. Paklitakseli ilishinda. Kwa mara nyingine swali kuhusu dawa za saratani lilijibiwa kwa wagonjwa wa ukanda huu, na safari hii jibu linawahusu wao kabla ya mtu mwingine.

Sasa turudi kwa mgonjwa wa Kanoni. Njia yake hupitia zahanati, hospitali ya Nyakahanga, hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, halafu Bugando, hospitali iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, ambako leo tibakemia na mionzi vinapatikana. Kabla ya huduma hizo kufika Mwanza, safari ilikuwa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ya Wajerumani ya mwaka 1897, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Karagwe. Mwenye saratani ya shingo ya kizazi hupewa sisiplatini kila wiki wakati wa mionzi, kwa sababu dawa hiyo hufunga nyuzi za vinasaba na kuizuia seli isijitengeneze baada ya kupigwa miale. Akikosa wiki mbili, mionzi imepoteza mshirika wake. Daraja la Kigongo–Busisi, kwenye njia ya kwenda Mwanza, lililofunguliwa Juni 2025, limefuta foleni ya kivuko, na kwa mujibu wa hoja yangu hilo ni tukio katika historia ya tibakemia kama lilivyo la uchukuzi. Atakayejibu kwamba umbali ndio umbali na sumu hizi haziwezi kuachiwa hospitali ndogo, namkubalia nusu. Kuchanganya doksorubisini au kuchoma uti wa mgongo ni kazi ya Bugando. Lakini kinachovunja ratiba mara nyingi ni vitu viwili vidogo: chembe za damu zilizokutwa chache baada ya mgonjwa kusafiri siku nzima, akarudishwa bila dozi, na homa ya wiki ya pili ambayo nyumbani hudhaniwa malaria tupu mpaka mgonjwa azidiwe. Kipimo cha damu kamili kinaweza kufanyika Nyakahanga siku mbili kabla ya safari na majibu yakapigwa simu Mwanza. Antibiotiki ya mshipani inaweza kuanzishwa hapo hapo wilayani usiku homa inapopanda, mradi kadi ya mgonjwa ioneshe alichopewa na siku aliyopewa, na mradi aliye zamu awe amefundishwa kuisoma.